Sanduku la Barafu kwa Mama Clotilde

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, joto likiwa limewakaa watu wa Lubumbashi shingoni na mvua haijulikani iko wapi, gari la chuo kikuu lilisimama mbele ya ghala la samaki la Mama Clotilde Chileshe, kule Kampemba. Wanaume wanne wakashusha sanduku jeupe, refu kama mkono wa mtu mzima, wakalibeba polepole wakionyana kila hatua, kama watu wanaotoa maiti nyumbani.

Mama Clotilde alisimama mlangoni akiwatazama, funguo zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alizaliwa Pweto, na maisha aliyaanza kwa kuuza samaki wakavu wa ziwa Mweru, magunia mawili kwa wakati mmoja, amekaa juu yake ndani ya lori siku tatu za barabara mbovu. Sasa alikuwa na chumba cha baridi kikubwa kama darasa, ambacho wafanyakazi walikiita frigo, kilichojaa makatoni ya samaki wa bahari waliovushwa mpaka wa Kasumbalesa. Umeme wa jiji ulikatika na kurudi upendavyo, lakini kwake kulikuwa na jenereta iliyowaka yenyewe. Ndiyo sababu walikuwa wamemjia.

Aliyewaongoza alikuwa Profesa Pierre Mumba, mwalimu wa mambo ya hali ya hewa, naye mtu wa Pweto. Alimwita Mama Clotilde "yaya", kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, ijapokuwa hawakuzaliwa tumbo moja.

"Yaya, aksanti sana," alisema huku akijifuta jasho. "Frigo ya ku université ilishazima mara tatu tangu juzi. Kama tungeiacha kule, siku ya mukutano tungekuwa na maji tu."

Mkutano huo ulikuwa umetangazwa redioni wiki nzima: siku mbili za wataalamu kujadili barafu ya ncha za dunia na mabadiliko ya tabianchi, na wageni kutoka nchi sita. Mtaani watu walicheka. Barafu na sisi, wapi na wapi?

"Mu hii sanduku kuko nini sasa?" aliuliza Mama Clotilde.

Alijibu mwanamke mrefu aliyekuwa amesimama nyuma ya Pierre, mwenye nywele fupi na miwani. "Barafu, mama. Ilitoka chini kabisa ya dunia, kule haimei hata majani."

"Barafu? Miye niko nayo tele. Juu ya nini mulivuka bahari kuniletea ingine?"

Mwanamke yule akacheka. Aliitwa Agnès Mbuyi, daktari wa barafu. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, na yeye alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, akaondoka mtoto mdogo kwa treni pamoja na wenzao miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa jimboni. Alikulia Ulaya. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki kile cha mtoto wa miaka saba.

"Hii ni ya zamani, mama. Iko na miaka elfu kumi na moya. Theluji ilianguka, ingine ikaanguka juu yake, ikafunga hewa ndani. Ile hewa bantu ba zamani balipumua, ingali mule. Haikupata njia ya kutoka. Inangoja tu."

Mama Clotilde hakulipenda neno hilo la mwisho. Aliwafungulia. Sanduku likawekwa mwisho kabisa wa chumba, juu ya rafu ya chuma. Kabla ya kulifunga, Agnès alitumbukiza ndani kidude cheusi, kidogo kama kiberiti.

"Hii inaandika baridi," alieleza. "Inaandika na kila mutikisiko. Kama muntu anagonga sanduku, inaandika saa na dakika. Vile tutajua kama ilisafiri muzuri."

"Hakuna muntu atagonga sanduku yenu," alisema Mama Clotilde, akaufunga mlango.

Kesho yake, Ijumaa, mpakiaji mmoja aitwaye Mwape, mtu mzima mwenye mvi, aliingia kuchukua makatoni sita. Akatoka mikono mitupu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kuko muntu mule ndani?"

"Muntu gani?"

"Sijue. Nilisikia anapumua."

Mama Clotilde alimwambia hiyo ni mashine, akaingia mwenyewe kumwonyesha. Ndani palikuwa kimya. Makatoni yalikuwa yamepangwa yalivyokuwa, na sanduku jeupe lilikuwa juu ya rafu yake. Alipogeuka kutoka ndipo alipouona upande wa ndani wa mlango. Sakitu nyeupe ilikuwa imeganda juu ya bati lote, nene kama ukoko, isipokuwa sehemu moja, kwenye kimo cha uso wa mwanamume. Hapo ilikuwa imeyeyuka duara, upana wa sahani, na bati lilikuwa bado linatoa unyevu, kama kioo kilichopuliziwa na mtu kwa mdomo.

Akapafuta haraka kwa pindo la kitenge chake kabla Mwape hajageuka.

Mwape hakuwa na njia ya kujua. Alikuwa ameajiriwa miaka mitatu tu iliyopita, mahali pa mtu aliyeitwa Mwila.

Mwila alikuwa amemfanyia kazi Mama Clotilde miaka tisa. Mtu wa Mitwaba, mpole, asiyekunywa pombe, aliyeishi Kasungami na mke wake Sephora na watoto wanne. Jumamosi moja Mama Clotilde alikuwa na haraka, kwa sababu mpwa wake alikuwa anaolewa jioni ile. Mchana alimtuma Mwila apange makatoni ya nyuma. Kitasa cha ndani cha mlango kilikuwa kimevunjika tangu kiangazi, naye alijua. Waliokuwa ndani waliuzuia mlango kwa kreti usijifunge. Saa saba mchana simu ikalia, watu wa harusi wakimwuliza yuko wapi, naye huku akijibu akaisukuma kreti kwa mguu, akafunga mlango, akatia kufuli. Alipokuwa anachomoa ufunguo alisikia kitu: gong, gong, gong. Akajiambia ni moteur ya baridi, maana siku zile ilikuwa inagongagonga. Akaenda zake.

Jioni, kwenye harusi, katikati ya kula, Mwila alimjia akilini. Akajiambia alikwisha toka. Jumapili asubuhi Sephora alikuja nyumbani kwake na nguo za kanisa, macho yamevimba, kuuliza kama bwana yake alipewa kazi ya usiku. Mama Clotilde alimwambia hapana, labda amekwenda Kasumbalesa. Hakwenda kufungua. Aliogopa kile ambacho angekiona, na kila saa iliyopita ilizidi kumfunga miguu. Jumatatu alifungua pamoja na Katongo, mdogo wake wa kiume, fundi wa mashine zake. Mwila alikuwa ameketi mlangoni, bega limeegemea bati, ngozi ya vifundo vya mikono yote miwili imechunika.

Yeye na Katongo walikubaliana neno moja. Walisema Mwila alikuja Jumatatu alfajiri, analewalewa, sijui alitoka kwa mwanamke gani, akaingia kwenye baridi na moyo ukasimama. Mama Clotilde alitoa jeneza zuri na chakula cha matanga. Watu wa Kasungami wakamsifu. Ila kaburini Sephora alimuuliza: "Mikono yake iliumia na nini?" Naye akajibu: "Makatoni, mama. Iko na vyuma."

Tangu siku hiyo kitasa kilitengenezwa, moteur ikanunuliwa mpya, na kila Jumamosi Mama Clotilde aliwatoa wafanyakazi mmoja mmoja kwa kuwataja majina kabla ya kufunga.

Jumamosi ile ya sanduku alifanya hivyo hivyo. Aliwataja, wakatoka, akawatazama hadi wakaishia barabarani. Saa saba kamili mchana, jua linachoma, akafunga mlango, akatia kufuli, akachomoa ufunguo.

Gong. Gong. Gong.

Alibaki ameshika ufunguo hewani. Nje mwanamke alikuwa anapita akiuza maji ya mifuko, anaita kwa sauti. Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Ndani ya mlango, kwenye kimo cha kifua chake, kitu kiligonga tena mara tatu, kikapumzika, kikagonga mara tatu. Bati lilitetemeka. Aliweka kiganja juu yake, akausikia mtetemo unaingia hadi kwenye kiwiko.

Akafungua. Alifungua haraka, kama mtu anayekimbilia mtoto aliyeanguka kisimani. Mlango ukaachama, moshi wa baridi ukatoka ukampita usoni, ukampita masikioni, ukaenda. Ndani hapakuwa na mtu.

"Mwila?" alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu jina hilo kutajwa katika ua ule. Alitembea hadi mwisho wa chumba, akaangalia nyuma ya kila safu ya makatoni. Sanduku lilikuwa limetulia. Akatoka, akafunga, na kabla kufuli halijabana vizuri, likaanza tena: gong, gong, gong.

Akampigia Katongo simu.

"Ni moteur, yaya," alisema Katongo.

"Moteur tulibadilisha. Weye mwenyewe njo uliiweka."

Katongo akasema: "Basi usifungue tena." Hakuuliza ni nani anayegonga.

Mama Clotilde alileta kiti, akaketi mbele ya mlango. Hakujua anafanya nini hapo. Aliona tu kwamba kuondoka hakuwezekani. Alasiri nzima alisikiliza. Mwanzoni vishindo vilikuwa vya mtu mwenye nguvu na hasira. Halafu vikawa vya mtu anayeomba. Jua lilipoanza kuteremka vilikuja mbalimbali, kimoja kimoja, vizito, kama vya mtu ambaye mikono imeshakataa na sasa anatumia bega. Naye aliyevisikiliza hakuwa na la kufanya, kwa maana mlango alikuwa ameshaufungua mara nne na kila mara hapakuwa na wa kumtoa. Giza lilipoingia alishindwa. Akainuka, akakimbia hadi nyumbani, viatu mkononi, na nyuma yake kile kitu bado kilikuwa kinagonga.

Jumapili hakwenda kanisani. Alisema ni kichwa.

Jumatatu gari la chuo lilikuja mapema. Mama Clotilde alipanda pamoja na sanduku, kwa sababu Pierre alitaka kumshukuru mbele ya watu. Chuoni walikuta bendera, wageni wenye kadi vifuani, vijana wanagawa karatasi za ratiba. Agnès akawaongoza kwenye chumba kidogo kando ya ukumbi, akalifungua sanduku, akaitoa barafu kwa glavu nene. Ilikuwa nyeupe maziwa, imejaa vipovu vidogo kama punje za uwele. Akatabasamu. Kisha akachukua kile kidude cheusi, akakiunganisha na kompyuta yake, na tabasamu likapungua.

"Baridi iko sawa," alisema. "Haikuteleza hata kidogo. Lakini mama, Siku ya Posho, ile Jumamosi, nani alikuwa anagonga sanduku?"

Mama Clotilde aliangalia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mstari ulionyooka, na juu ya mstari huo vijiti vimesimama vitatu vitatu.

"Frigo ilikuwa imefungwa," alisema.

"Inaanza saa saba na dakika mbili ya mchana. Tatu, inapumzika. Tatu, inapumzika. Vile vile masaa mengi." Agnès alisogeza kidole kuelekea kulia. "Hapa inaanza kuchoka. Mashine haichokake hivi, mama. Mashine inaendelea ama inasimama."

"Labda panya," alisema Pierre kwa haraka. "Tuende, Docta, Recteur anangoja."

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mama Clotilde aliwekwa mstari wa mbele. Mtaalamu mmoja mgeni alionyesha picha za milima ya barafu ikimomonyoka baharini, mwingine akaonyesha jinsi joto la sayari lilivyopanda. Pierre akaonyesha kina cha ziwa Mweru na tarehe za mvua za kwanza, miaka arobaini, akasema aliyedhani barafu ya kule haimhusu aitazame tarehe hizo zinavyoyumba. Kisha akasema wameita wakulima waseme wenyewe, kwa sababu wao huandika kwa macho yale ambayo vyombo huandika kwa namba. Akataja jina la kwanza kwenye orodha, mwakilishi wa wakulima wa Kasungami.

Akainuka Sephora.

Alikuwa amekonda. Alivaa kitenge cha buluu na kilemba cha rangi hiyo hiyo, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Zamani tulikuwa tunajua siku," alisema. "Mwezi wa kumi unaisha, mvua inaanguka, unapanda mahindi. Sasa inakudanganya. Inaanguka siku mbili, unapanda, inakwenda yake, mbegu inakufia mu udongo. Miye niko muke mufiwa, niko na batoto bane. Mvua ikinidanganya mara mbili, sina ingine ya kupanda. Njo ile tu."

Watu wakampigia makofi. Agnès akamwomba asirudi kukaa. Akaleta bakuli la kioo lenye maji, akalizamishia kipaza sauti kidogo, akatumbukiza kipande cha ile barafu. Katika spika za ukumbi ikasikika sauti ya kupasuka, nyepesi na nyingi, kama mafuta kwenye kikaango. Wageni na wenyeji wakacheka kwa mshangao.

"Hiyo ni hewa inatoka," alisema Agnès. "Mama, wewe unaisikia ya kwanza. Hakuna muntu aliipumua tangu miaka elfu kumi na moya."

Sephora aliinama, akasogeza uso karibu na bakuli hadi pua ikaribie maji, akabaki hivyo.

"Haikuzeeka?" aliuliza.

"Hapana, mama. Baridi inaitunza."

"Kwa hiyo kintu inaweza kufungiwa mu baridi, bantu bote banaisahau, na siku moya inatoka vile ilikuwa?"

"Njo vile," alisema Agnès.

Mama Clotilde aliinuka. Hakuomba njia, alikanyaga miguu ya watu. Aliingia katika kile chumba kidogo, akashika meza. Kompyuta ilikuwa bado imewaka, na vile vijiti vitatu vitatu bado vimesimama.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Akaingia Sephora. Alikuwa amemwona akitoka, naye hakuwa mtu wa kumwacha mgonjwa.

"Mama Clotilde, yambo. Unasikia mubaya? Nikuletee maji?"

"Funga mulango," alisema Mama Clotilde. Kisha akapaza sauti: "Hapana! Acha! Usifunge."

Sephora aliuacha wazi. Agnès naye akafika, glavu bado mkononi, akasimama kizingitini.

"Sephora," alisema Mama Clotilde, "bwana yako hakuja Jumatatu."

"Namna gani?"

"Hakuja Jumatatu. Hakutoka. Siku ya Posho njo nilimufungia. Miye, na mikono yangu. Nilimutuma nyuma apange, simu ikalia, nikafunga. Kitasa ya ndani ilikuwa imekufa, na nilijua. Aligonga nikasikia. Nikasema ni moteur."

Sephora hakusogea.

"Ulikuja kwangu Jumapili," aliendelea Mama Clotilde, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Ningeweza kuamuka tuende pamoja. Niliogopa. Ile ya kusema alilewa, tulitunga miye na Katongo. Hakulewa."

"Rudia," alisema Sephora.

"Hakulewa."

"Siyo ile. Usiku ile mbili. Hakulala kwa muntu?"

"Hakulala kwa muntu. Alikuwa mu frigo yangu."

Sephora alivuta kiti, akakaa. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, yakashuka hadi kidevuni, naye hakuyafuta.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu natafuta ule mwanamuke. Ku soko naangalia bamama mu macho, nasema labda ni huyu. Nilichoma nguo zake, Mama Clotilde. Mutoto wangu mukubwa anakataa kuitwa jina ya baba yake. Mama yake kule Mitwaba hataji mutoto wake tena, anapata haya." Akaangalia mikono yake mwenyewe. "Kumbe ile mikono."

"Ndiyo."

"Ilikuwa mulango."

"Ndiyo."

Ukumbini watu walipiga makofi tena. Sephora akainua uso.

"Alikufa saa ngapi?"

"Sijue. Mungu eko shahidi, sijue. Nilikuta ameshaisha."

"Nataka kujua aligonga mupaka saa ngapi."

Mama Clotilde alitikisa kichwa. Ndipo macho yake yalipokutana na ya Agnès, na wote wawili, bila kupanga, wakageukia kompyuta.

"Hii ni ya juzi," alisema Agnès polepole. "Hii chombo iliandika juzi tu. Siwezi kusema..." Hakumaliza. Alikuwa amesoma miaka mingi, alikuwa amelala juu ya barafu mwisho wa dunia ambako upepo hulia kama watu, na hakuwahi kuuita upepo jina jingine. Alivua glavu, akaketi mbele ya kioo, akasogeza mstari hadi mwisho wake. Vijiti vilipungua urefu, vikatengana, vikabaki kimoja kimoja. Baada ya cha mwisho mstari ulinyooka tena, na haukutikisika hadi gari la chuo lilipokuja.

"Saa tatu ya usiku," alisema. "Na dakika saba."

Sephora aliirudia saa hiyo kwa midomo bila sauti. Kisha akasema, si kwa yeyote kati yao: "Saa tatu nilikuwa nimeketi ku mulango. Nilifunika bukari, chakula yake, na sahani. Batoto balikuwa banalala. Nilikuwa namukasirikia."

Pierre aliingia akitafuta Agnès, akawakuta hivyo, mmoja ameketi, mwingine ameshika meza. Wakamweleza. Alimvuta Mama Clotilde pembeni.

"Yaya, tungoje mukutano iishe. Kesho jioni tu. Bageni beko hapa, na wandishi wa habari. Tutaketi kama familia, tutaona namna."

"Nilishangoja," alisema Mama Clotilde. "Nipeleke ku parquet."

Pierre hakumpeleka. Mama Clotilde alikwenda mwenyewe kwa miguu hadi barabarani, akasimamisha teksi, na alipofungua mlango wa nyuma Sephora akaingia upande wa pili. Katika ofisi ya mwendesha mashtaka karani aliwauliza ni nani kati yao mlalamikaji. "Huyu," alisema Mama Clotilde, na akaanza kutaja jina lake mwenyewe ili liandikwe kama mshitakiwa.

Mkutano uliisha kesho yake kama ulivyopangwa. Taarifa ya mwisho ilisema kwamba kipande cha barafu kilihifadhiwa vizuri katika mazingira magumu. Kuhusu mitikisiko haikusema kitu. Wiki tatu baadaye Agnès alimwandikia Pierre kutoka Ulaya: kile kidude kilikuwa kimefunguliwa maabara, kikapimwa na watu wawili mbalimbali, na hakikuwa na hitilafu. Aliomba, kama inawezekana, apewe tarehe ya kifo cha yule mfanyakazi, mwaka na siku. Pierre aliisoma barua hiyo mara kadhaa. Hakuijibu.

Chumba cha baridi kilifungwa kwa lakiri ya serikali. Samaki waligawiwa hospitali na magereza kabla hawajaharibika, na Mwape akaenda kutafuta kazi kwingine. Alisema hata akilipwa mara mbili hatarudi katika ua ule. Katongo alikana kwa mwezi mzima, kisha asubuhi moja akaja mwenyewe kutoa ushahidi. Dada yake aliachwa nje kusubiri kesi, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu alijileta.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiwa imeshakolea, Mama Clotilde aliitwa tena kuhojiwa. Alifika mapema, akaketi kwenye benchi la mbao barazani. Alikuwa peke yake. Ndugu wengi walikuwa wameacha kumtembelea, na wengine walisema ametia aibu watu wa Pweto kwa jambo lililokwisha kuzikwa. Usiku alikuwa analala sasa, mara nyingine hadi asubuhi, na hilo lilimtia haya.

Sephora akaja, akakunja mwavuli, akaketi mwisho mwingine wa benchi. Maji yalitiririka kutoka kwenye mwavuli yakachora njia sakafuni kati yao.

"Nilikwenda Mitwaba," alisema Sephora akitazama mbele. "Siku nne ya njia, na matope. Nilimuambia mama yake yote."

Mama Clotilde alingoja.

"Aliniomba nirudie, kama vile miye nilikuomba. Kisha akaita majirani, akabaketisha, akanambia: sema mbele yabo. Nikasema. Sasa anamutaja. Asubuhi anamutaja, mangaribi anamutaja. Nilimuacha anamutaja."

"Alisema nini juu yangu?"

Sephora alifikiri. "Hakusema. Aliuliza tu kama uko na mutoto mwanaume."

"Niko naye moya. Eko Kolwezi."

"Njo nilimuambia. Akasema: basi naye anajua mutoto ni nini."

Mlango wa ofisi ukafunguliwa, karani akatokeza kichwa, akaita: "Chileshe Clotilde!" Mama Clotilde akainuka. Magoti yalimuuma kwa sababu ya baridi ya mvua, ikabidi ashike ukuta kidogo. Sephora alimtazama akiwa anahangaika, hakunyoosha mkono, lakini aliuvuta mwavuli wake pembeni ili apite.